Hana Sikio

Katika kwaya zetu kuna hukumu moja isiyo na rufaa. Huitoa mwalimu wa kwaya, mara nyingi kwenye mazoezi ya kwanza au ya pili, na ina maneno mawili tu: hana sikio. Anayehukumiwa ni mtoto au kijana aliyejitokeza kujiunga, akaambiwa aimbe do re mi fa so, akaimba, na kilichotoka kikawa tofauti na kilichotarajiwa. Baada ya hapo atapewa kazi ya kugawa nakala au kubeba spika, au atawekwa mstari wa nyuma afungue mdomo bila kutoa sauti. Hakuna anayemwambia akajifunze kusikia, kwa sababu wengi wetu tunaamini sikio halifundishwi. Mtu amezaliwa nalo au hakuzaliwa nalo.

Naipinga hukumu hiyo, na mahali ninapoipingia ni Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa. Nipo hapa kwa utafiti wa shahada ya uzamili katika isimu, na jioni za mazoezi nimekuwa nikiimba besi katika kwaya ya kigango kimoja. Mchana ninasikiliza watu wakizungumza, jioni ninawasikiliza walewale wakiimba. Ni mpangilio uliotokea kwa bahati, lakini umenifanya nijiulize inakuwaje watu ambao mchana masikio yao yananishinda kabisa, jioni waambiwe hawana masikio.

Jibu langu linaanzia kwenye karatasi ya solfa.

Msomaji aliyewahi kupita kwenye kwaya yoyote ya Tanzania anaijua. Juu imeandikwa ufunguo, tuseme Do ni F. Chini yake kuna mistari minne, soprano hadi besi, iliyojaa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima hufunga kipimo, kistari hurefusha noti. Imetolewa nakala juu ya nakala mpaka herufi nyingine zimekuwa madoa. Kwa karatasi hizi tumejenga muziki mkubwa sana wa kanisa. Mtunzi asiye na piano, asiye na karatasi yenye mistari mitano, anaandika sauti nne kwa kalamu ya kawaida kwenye daftari la shule, na wimbo wake unaimbwa Mwanza wiki ijayo. Tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya maelfu ya nyimbo za aina hii. Hata wimbo wetu wa Taifa una asili hiyo: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika huko Afrika Kusini mwaka 1897, aliandika muziki wake kwa solfa. Kwa hiyo siidharau karatasi hii. Ninachouliza ni kwamba ilibuniwa ifanye nini, na sasa inafanya nini.

Ilibuniwa kwa ajili ya sikio. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitengeneza njia ya kufundisha uimbaji kwa herufi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mchungaji John Curwen aliichukua, akaibadilisha na kuieneza. Curwen hakuwa mwanamuziki aliyesomea. Yeye mwenyewe alihangaika kujifunza kuimba kwa noti, na alipotafuta njia ya kuwafundisha watoto wa shule za Jumapili alitafuta kama mtu anayejua uchungu wa kushindwa. Kanuni yake ilikuwa kwamba kitu kitangulie alama yake. Mtoto asikie kwanza, aimbe alichosikia, kisha ndipo aoneshwe herufi inayosimama badala ya sauti hiyo. Alikuwa na chati ya kutundika ukutani, yenye ngazi ya noti, na mwalimu aliigusa kwa fimbo huku darasa likiimba noti zinazoguswa. Baadaye akaongeza ishara za mikono. Kila noti aliipa tabia: do imetulia na ina nguvu, so inang'aa, la ina huzuni, ti inachoma na inataka kupanda kwenda do. Katika karne ya 20 ishara hizo za mikono na do inayohama ziliingia katika ufundishaji wa Zoltán Kodály huko Hungaria, na mpaka leo ni msingi wa mazoezi ya sikio katika shule nyingi za muziki duniani.

Kwetu herufi zilifika, zikabaki. Chati, fimbo, mikono na zile tabia za noti sijaziona katika kwaya yoyote niliyoimba. Alama imebaki peke yake bila kitu chake.

Angalia mazoezi yanavyokwenda. Mwalimu anasoma mstari wa soprano kwa sauti yake: so, mi, mi, fa, so. Soprano wanarudia. Anasoma tena, wanarudia tena, mpaka silabi zimekaa mdomoni. Halafu anahamia alto. Mwishoni silabi zinaondolewa na maneno yanawekwa. Wimbo umeiva, na Jumapili utaimbwa vizuri. Lakini waimbaji wameshika mfuatano wa silabi kama mtu anavyoshika namba ya simu. Jioni moja, baada ya mazoezi, niliwaomba wenzangu wanne wanaoimba kwa miaka mingi tujaribu kitu. Nilipiga do kwenye kinanda, nikaomba waniimbie mi, nje ya wimbo wowote. Wawili walilazimika kupanda polepole, do, re, mi, kama mtu anayehesabu herufi za alfabeti mpaka aifikie anayoitaka. Mmoja alitaja wimbo wenye mi mwanzoni, akauimba, akaichomoa humo. Wa nne alicheka akasema, "Mwalimu hajatufundisha mi, ametufundisha nyimbo." Sijasikia uhakiki wa kwaya zetu uliofupishwa vizuri kuliko huo.

Wenzangu hao wana masikio mazuri. Wamefundishwa kwa masikio tangu mwanzo, maana walichokuwa wakifanya muda wote ni kumsikiliza mwalimu na kumwiga. Karatasi ndiyo imejipa sifa ya kufundisha, na kazi yote imefanywa na sikio bila kutajwa. Aliyeshindwa kuiga haraka ndiye anayeambiwa hana.

Sasa tuangalie masikio hayo yanatoka wapi, maana hayaji mazoezini yakiwa matupu.

Kiswahili hakina toni. Mkazo wake hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukipandisha au kushusha sauti unabadilisha hisia ya sentensi, hubadilishi neno. Kimatumbi ni tofauti. Ni lugha ya toni: mahali sauti inapopanda ni sehemu ya neno na sehemu ya sarufi. Katika vitenzi, njeo moja huweka sauti ya juu karibu na mwanzo wa shina, njeo nyingine huisogeza mbele zaidi, na msikilizaji anajua tendo ni la lini kwa kusikia pia sauti ilipopanda. Juu ya hilo kuna urefu wa irabu. Mwanaisimu David Odden, aliyechapisha mwaka 1996 kitabu kizima juu ya fonolojia na mofolojia ya Kimatumbi, aliufanya mfano mmoja kuwa maarufu miongoni mwa wanafonolojia: kikoloombe, gamba la kusafishia, lina irabu ndefu likisimama peke yake; ukisema "langu", likawa kikolombe chaangu, irabu ile inafupika. Mzungumzaji hahesabu. Sikio lake linapima urefu wa sauti na kuurekebisha kulingana na kinachofuata, kazi ambayo mwanamuziki angeiita kushika thamani ya noti.

Lugha si shule pekee. Watu wawili au watatu wanapotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, kila mtwangio unashuka kwenye nafasi iliyoachwa na mwingine, na anayekosea nafasi yake anagonga mtwangio wa mwenzake. Hakuna mwalimu wa mapigo mkali kuliko huyo. Na Kipatimu, pamoja na parokia ya Wakatoliki, ina misikiti na madrasa, kama Kilwa nzima. Mtoto wa madrasa husoma tajwidi: madi ya asili huvutwa kwa harakati 2, nyingine hufika 6, na ustadhi huhesabu kwa vidole huku akisikiliza kama mtoto amefupisha. Huyo mtoto anasikia pia adhana na kasida, na katika maqamu za Kiarabu kama Rast na Bayati kuna hatua za sauti ambazo hazipo kwenye kinanda, zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili. Zanzibar, chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kinafundisha maqamu hizo kama elimu kamili kwa udi na qanuni. Ngazi ya Curwen haina herufi ya hatua hizo. Mtu akiimba mi yake chini kidogo ya mi ya kinanda, tunasema amekosea. Inawezekana amekosea. Inawezekana pia ameimba noti halali ya nyumba nyingine.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu ndio ulionifanya niandike. Msichana wa miaka kama 12 alikuja kujiunga na kwaya. Mwalimu, mwanaume mwenye sauti nzito, akamwimbia mstari mfupi wa solfa na kumwambia arudie. Msichana akaimba. Alianza mahali pengine kabisa, kama noti nne juu ya mwalimu na chini ya mahali ambapo soprano wangeanzia. Akaendelea mpaka mwisho akiwa huko. Wenzake wakacheka kidogo. Mwalimu hakuwa mkali, alisema tu, "Binti, kaa kwanza, usikilize wenzako." Alipokwishakaa, mwalimu akatugeukia wa mstari wa nyuma, akasema yale maneno mawili.

Nilichosikia mimi ni hiki. Mstari ulipopanda, alipanda. Uliposhuka, alishuka, na kwa kiasi kilekile. Umbali kati ya noti na noti ulikuwa sahihi karibu wote. Alikuwa amehamisha wimbo mzima kwenda mahali ambapo koo lake lilipata nafasi, kati ya sauti ya mwanaume aliyomwigiza na sauti yake mwenyewe. Kuhamisha wimbo ndilo wazo lenyewe la solfa: do inaweza kuwa popote, na uhusiano wa noti unabaki uleule. Kwa kanuni ya karatasi iliyokuwa mkononi mwa mwalimu, binti yule alikuwa amefaulu sehemu ngumu ya mtihani. Kilichobaki ni kumwonesha do ya wenzake iko wapi, kazi ya dakika chache ikifanywa na mwimbaji mwenye sauti ya kike. Wakati wa mapumziko, nje, alikuwa akiwaigizia rafiki zake jinsi watu wa mjini wanavyojaribu kusema Kimatumbi. Kila sauti iliyopanda mahali pasipostahili aliipandisha palepale, na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Hajarudi mazoezini mpaka leo ninapoandika.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima nilijibu, na lina nguvu. Toni ya lugha si muziki. Katika lugha sauti ya juu ni ya juu kuliko jirani yake tu; haijali kama ni juu kwa hatua mbili au tatu. Mtu anaweza kusikia toni zote za Kimatumbi na bado asitofautishe mi na fa. Ni kweli. Mwaka 2006 Diana Deutsch na wenzake walilinganisha wanafunzi wa muziki wa Beijing na wa chuo cha Eastman, Marekani. Miongoni mwa walioanza muziki wakiwa na miaka 4 au 5, takriban asilimia 60 ya wale wa Beijing waliweza kutaja noti bila kupewa noti ya kuanzia, dhidi ya asilimia 14 ya wale wa Marekani wasiozungumza lugha ya toni. Wapo watakaokimbilia kusema kwamba basi Wamatumbi wana vipaji vya kuzaliwa. Sisemi hivyo. Toni za Kichina zina umbo jingine, na wanafunzi wale walikuwa wameshasoma muziki kwa miaka. Hoja yangu ni ndogo zaidi na nadhani ni imara zaidi: mtoto aliyekua akisikiliza mahali sauti inapopanda ili aelewe maana, tayari ana tabia ya kusikiliza mwinuko wa sauti. Umbali kamili kati ya noti na noti ndio anaohitaji kufundishwa. Kumwambia hana sikio ni sawa na kumwambia mtu anayejua kuhesabu kwamba hana akili ya hesabu, kwa kuwa hajafundishwa sehemu.

Wapo kweli watu wachache ambao ubongo wao haushiki muziki hata wakifunzwa. Isabelle Peretz na Dominique Vuvan, katika utafiti wao wa mwaka 2017, walikadiria kuwa ni takriban asilimia 1.5. Katika kwaya ya watu 40 huyo hata hafiki mtu mmoja. Sisi tunahukumu wangapi kila mwaka?

Namtetea pia mwalimu wa kwaya. Hana mshahara. Ana jioni mbili kwa wiki, umeme unaokatika, nyimbo sita za Jumapili, na karamu ya parokia inakuja. Kukaririsha kunaleta matokeo Jumapili hii. Kufundisha sikio kunaleta matokeo mwakani. Naye alifundishwa hivyohivyo. Programu za simu zinazodai kufundisha sikio hazimsaidii sana: zinapiga sauti mbili za piano na kuuliza ni umbali gani, kisha zinatoa alama. Huo ni mtihani, na walioshindwa mtihani tayari tunao wa kutosha.

Wala Kanisa halimzuii. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya Desemba 1963, ibara ya 119, inataka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake, na wanaofundisha muziki waandaliwe kuukuza shuleni na katika ibada. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha Church Law and Bantu Music, kitabu kizima kinachosoma sheria za Kanisa kwa jicho la muziki wa Kibantu. Tumeitikia kwa ngoma, kayamba na vigelegele, na nyimbo zetu sasa zina mwendo wa kwetu. Chumba cha mazoezi ndicho hatujakigusa. Tumebadilisha kinachoimbwa, namna ya kumfundisha anayeanza tumeiacha ilivyokuwa.

Ningependekeza dakika kumi tu kabla ya kugawa karatasi. Kwaya ivume noti moja, do, bila kuacha, na mwimbaji mmoja mmoja atafute so juu yake mpaka asikie sauti mbili zimetulia. Kila anayeanza aimbiwe na mtu wa sauti inayolingana na yake. Mwanzo wa wimbo uhamishwe: mstari uleule kutoka do tatu tofauti, ili watu wasikie kwamba wimbo ni uhusiano kati ya noti. Na kwa wanaojua Kimatumbi, ningeongeza mchezo tulioufanya mara mbili nje ya kanisa: mtu anaguna sentensi kwa mdomo uliofungwa, toni na urefu tu, wenzake wanabahatisha amesema nini. Sentensi za kawaida, kama salamu na kuitana chakula, walizipata haraka. Nyingine hawakuzipata, wakabishana kwa muda mrefu kama sauti ilipanda kwenye silabi hii au ile. Ubishi huo ulikuwa mazoezi ya sikio kuliko chochote nilichokiona ndani.

Mchezo huo una muda wake. Watoto wengi hapa sasa wanaanza na Kiswahili, na baadhi wanaelewa Kimatumbi cha bibi zao bila kukisema. Sikio ninalolitaja linafunzwa na lugha, na lugha ikipungua nalo linapungua. Kwaya haiwezi kuiokoa lugha, lakini inaweza kuacha kuwarudisha nyumbani watoto wanaokuja na kile ambacho lugha hiyo imewapa. Mwalimu anayetaka kujua nani ana sikio aanze kwa kusikiliza yeye: mtoto amekosea noti, au amekosea mahali pa kuanzia? Haya ni makosa mawili tofauti, na la pili linarekebishika jioni hiyohiyo.